Saa za Dereva ni Amana



Nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Changamwe na Miritini hadi Mariakani na Voi, zala riziki ya usukani. Baba, mume, kaka au mwana hutoka bandarini na kontena nyuma yake, akaelekea Nairobi, Malaba, Kampala au Kigali, na nyumbani hubaki mama anayehesabu siku. Twamwombea safari njema, twamwambia awahi kurudi, wala mara nyingi hatumuulizi jambo moja lililo kubwa kuliko yote: tangu jana amelala saa ngapi?

Juma hili tumeona tuizungumze saa ya dereva: nani anayeihesabu, nani anayeilipa, na nani anayeipoteza. Tutaanzia mbali, nchini Marekani, kwa kuwa huko serikali imelitia swali hili ndani ya injini yenyewe. Tangu mwaka 2017 madereva wengi wa malori makubwa huko huendesha wakiwa na kifaa cha kielektroniki kinachoandika saa zao za kazi. Wamo miongoni mwao jamaa zetu, zikiwemo familia za Kisomali zilizopitia Kenya kabla ya kuhamia majimbo kama Minnesota na Ohio, ambako uendeshaji wa malori umekuwa kazi ya wanaume wengi wao. Yaliyowafika yana mafunzo kwetu.

Kutoka kalamu hadi mashine

Sheria ya kuwekea mipaka saa za madereva wa malori Marekani si ngeni; ilianza katika miaka ya 1930. Kwa hali ilivyo sasa, dereva wa mizigo inayovuka majimbo aruhusiwa kuendesha saa 11 tu, nazo zote ziwe ndani ya muda wa saa 14 tangu alipoanza kazi, na kabla yake awe amepumzika saa 10 mfululizo. Akishaendesha saa 8 hana budi kuacha usukani kwa nusu saa. Na akishafanya kazi saa 60 katika siku 7, au saa 70 katika siku 8, kwa kufuata utaratibu wa kampuni yake, haruhusiwi kuendesha tena mpaka apate mapumziko ya kutosha.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo iliandikwa kwa mkono. Dereva alikuwa na daftari lenye jedwali la saa 24, na humo alichora mstari kuonyesha alipopumzika, alipolala ndani ya lori, alipoendesha na alipofanya kazi nyingine. Karatasi huvumilia kila kitu. Aliyeendesha saa 15 aliweza kuandika 10. Wengine waliweka madaftari mawili, moja la askari na moja la ukweli. Madereva wenyewe walikuwa wakiyaita madaftari hayo vitabu vya katuni.

Ndipo Bunge la Marekani, kwa sheria ya mwaka 2012, likaagiza kifaa. Kanuni zilitolewa Desemba 2015 na zikaanza kutekelezwa tarehe 18 Desemba 2017. Waliokuwa na vifaa vya aina ya zamani walipewa muda hadi Desemba 2019, na malori yenye injini za kabla ya mwaka 2000 yakasamehewa. Kifaa hicho huungwa na injini. Lori likifika mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, chenyewe huanza kuandika kwamba dereva yumo kazini anaendesha. Huandika tarehe, saa, mahali na umbali. Dereva aweza kusahihisha baadhi ya maelezo na kueleza sababu, lakini dakika za uendeshaji zilizoandikwa na mashine yenyewe haziwezi kupunguzwa. Askari akimsimamisha, hutazama kumbukumbu za siku hiyo na za siku 7 zilizotangulia.

Mamlaka ya nchi hiyo ilikadiria kwamba kifaa hicho kingeokoa maisha ya watu 26 na kuzuia majeruhi 562 kila mwaka. Nia, basi, ilikuwa njema, nayo ni kuhifadhi nafsi, jambo ambalo dini yetu imelitukuza.

Kheri iliyopatikana

Tuanze na kheri, kwa sababu ipo. Dereva aliyeshinikizwa na tajiri wake avuke mipaka ya sheria sasa ana shahidi asiyenyamaza. Zamani tajiri aliweza kusema, "Andika tu kwamba ulilala." Leo mashine imekwisha kuandika, na saa zikimalizika zimemalizika. Tena sheria ya huko inakataza mwenye lori, wakala au mwenye mzigo kumlazimisha dereva kuzivunja saa hizo, na inakataza pia kampuni kukitumia kifaa kumsumbua dereva aliyechoka.

Jamaa za dereva nao wamepata nafuu ya aina yake. Mke ajua kwamba zipo saa 10 katika siku ambazo mumewe hatakiwi na mtu. Simu ya nyumbani ina wakati wake. Watoto waweza kuzungumza na baba bila ya yeye kushika usukani kwa mkono mmoja.

Na dereva Mwislamu amepumzika na jambo moja zito. Riziki aliyokuwa akiipata kwa kuandika uongo kila jioni, hata kama mzigo wenyewe ulikuwa halali, ilikuwa na doa. Kuandika kitu ambacho hakikuwa ni ushahidi wa uongo, na wengi waliufanya kwa kuogopa kukosa kazi. Mlango huo umefungwa, naye amepunguziwa mtihani.

Dhiki isiyotazamiwa

Lakini mashine ilihesabu saa bila kubadilisha namna saa hizo zinavyolipwa. Madereva wengi wa safari ndefu Marekani hulipwa kwa maili. Lori likitembea, wanapata. Lori likisimama, hawapati, au wanapata kidogo. Na sheria ya kazi ya nchi hiyo, tangu mwaka 1938, imewaacha madereva wengi wa namna hii nje ya haki ya malipo ya ziada wanayopewa wafanyakazi wengine wanaopitisha saa 40 kwa juma.

Fikirini, ndugu wasomaji, hali ya dereva anayefika ghalani saa mbili asubuhi. Zile saa 14 zake zimeshaanza kuhesabiwa tangu alfajiri. Mwenye ghala amwambia angoje. Angoja saa moja, mbili, tano. Desturi ya biashara huko ni kwamba saa 2 za mwanzo za kungoja hazilipwi, na zinazozidi hapo aghalabu huwa ni za kugombania. Akipakuliwa hatimaye, siku imeliwa. Saa 14 hazikusimama kumngojea, kwani mapumziko mafupi na kungoja kwa kawaida havisimamishi hesabu hiyo. Amebakiwa na saa chache za kutafuta riziki ya siku nzima. Atafanya nini? Atakanyaga mafuta.

Hili si dhana yetu. Wataalamu watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller, walizichunguza takwimu za kabla na baada ya kifaa hicho kulazimishwa. Waliona kwamba madereva walianza kweli kuzishika saa za sheria. Lakini katika kampuni ndogo, ambazo zamani hazikuwa na kifaa, makosa ya uendeshaji wa hatari yaliongezeka, hususan ya mwendo wa kasi, na ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani naye alitoa ripoti juu ya kungoja maghalani. Alikadiria kwamba dakika 15 zikiongezeka katika muda wa wastani ambao lori hukaa ghalani, kiwango cha ajali hupanda kwa asilimia 6.2, na kwamba madereva hupoteza kwa kungoja kipato cha zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka.

Ajali basi huanzia mlangoni mwa ghala, kwa mtu asiyeona hasara yoyote katika kumngojesha mwenzake.

Dhiki ya pili ni usingizi wenyewe. Mwili wa mwanadamu haukuumbwa kwa saa ya injini. Dereva aweza kuhisi kope zinamwangukia adhuhuri akatamani kulala saa moja, lakini akilala, saa 14 zinakwenda. Usiku akiwa macho makavu, mashine yamwambia alale. Kanuni zilizolegezwa Septemba 2020 zimempa nafasi ya kugawa mapumziko yake mafungu mawili, kwa mfano saa 7 na saa 3, lakini bado yabaki kuwa hesabu ya mashine. Imejua lori limetembea muda gani. Haijui aliyemo ndani amechoka kiasi gani.

Dhiki ya tatu ni mahali pa kusimama. Saa zikimalizika lori lazima lisimame, na maegesho ya malori Marekani ni machache kuliko malori. Tatizo hili ni la tangu kabla ya mashine. Mwezi Machi mwaka 2009 dereva mmoja aliyebeba shehena ya maziwa alifika mapema kule South Carolina. Hakuwa na mahali pa kungojea, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Aliuawa hapo na mnyang'anyi, kwa dola 7. Mkewe alikuwa mjamzito wa mapacha. Mama huyo hakukaa kimya. Alisimama na kudai maegesho salama kwa madereva wote, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria inayobeba jina la mumewe. Sheria ya mwaka ule ule ndiyo iliyoagiza mashine. Mashine imekwisha kuenea katika malori. Maegesho yangali hayatoshi.

Ipo na dhiki ya nne, nayo ni ya heshima. Wenye malori binafsi walikwenda mahakamani wakisema kwamba kumfuatilia mtu usiku na mchana ni kuivunja faragha yake. Mahakama ya rufani iliyoko Chicago iliwakatalia mwaka 2016. Karen Levy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 2022 kwamba kifaa cha sheria kilifungua njia kwa macho mengine ya kampuni, na kwamba mzizi wa uchovu wa madereva uko katika mapato yao kuliko katika madaftari yao. Na kwa hakika, mtu mzima aliyeendesha miaka 30 bila ajali huumia moyo akiona anaaminiwa chini ya sanduku la waya.

Jambo moja zaidi latupasa tulitafakari. Wasafirishaji wa mifugo wamepewa ruhusa ya kutotumia kifaa hicho, kwa hoja kwamba wanyama hawawezi kuachwa ndani ya lori wangoje. Ni rehema kwa wanyama, nasi twaikubali. Lakini je, mwanadamu?

Mizani ina pande mbili

Sote twaijua Suratul-Mutaffifin, na wengi wetu tuliihifadhi chuoni tungali wadogo. Twafundishwa humo makemeo makali kwa wanaodai kipimo kamili wanapopokea, kisha wakapunja wanapotoa. Maulamaa wetu wamefundisha kwamba kipimo hicho si cha nafaka na nguo peke yake. Kila haki ya mtu ina mizani yake.

Wakati wa mfanyakazi nao ni bidhaa inayopimwa. Mashine ya Marekani imeupima kwa dakika, na imeupima vizuri. Lakini imepima upande mmoja. Dereva akizidisha dakika, yu mkosaji. Mwenye ghala akila saa 5 za dereva, hana kosa wala deni. Anayetaka saa za dereva zihesabiwe kamili kwa ajili ya usalama, naye na azilipe kamili kwa ajili ya haki. Bila ya hivyo, dereva atabaki amebanwa kati ya sheria na njaa.

Ibada nayo imo katika hesabu hii. Sheria yetu ni nyepesi kwa msafiri: zile sala za rakaa nne huzipunguza zikawa mbili, na aweza kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ile nusu saa ya lazima baada ya saa 8 za kuendesha yatosha kutawadha na kuswali kwa utulivu, akijua kuipanga. Wako madereva waliogeuza amri ya mashine ikawa miadi yao na Mola wao.

Na huku kwetu?

Kenya nayo ina sheria ya saa, ingawa wengi hawaijui. Marekebisho ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2012 yalikataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria kali kuliko ya Marekani.

Hebu tuipime kwa hesabu nyepesi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Lori lililojaa likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, pamoja na mizani, milima na misongamano, baada ya saa 8 litakuwa limekwenda kilomita 400. Bado halijaiona Nairobi. Anayemwambia dereva aondoke asubuhi na jioni awe ameshashusha mzigo Nairobi, kisha alfajiri awe Malaba, amemwambia avunje sheria, hata kama hakuyatamka maneno hayo.

Vyombo vya kufuatilia tunavyo. Kontena la kwenda nchi jirani hufungwa lakiri ya kielektroniki, na Kenya, Uganda na Rwanda zikaungana mwaka 2017 katika mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo kutoka Mombasa. Lakiri ikiguswa njiani, habari hufika mara moja. Malori yana vidhibiti mwendo. Matajiri wengi wameweka vifaa vya kujua gari liko wapi na mafuta yamebaki kiasi gani. Kwa hiyo twajua kontena liko wapi, lori linakwenda kasi gani, na dizeli haijaibwa. Twalinda mzigo, twalinda mafuta. Aliyeshika usukani, ambaye nafsi yake ni aghali kuliko shehena yote, ndiye tusiyejua kama amelala.

Haitoshi, basi, kusema tulete mashine ya Marekani. Ikija peke yake, itakuja na dhiki zake. Dereva wa kwetu naye hungoja: bandarini, kwenye mizani, mpakani, na mlangoni mwa ghala. Na wengi wao posho yao hufuata safari. Mashine ikihesabu saa, na malipo yakabaki ya safari, tutayaona yale yale ya mwendo wa kasi kwenye mteremko wa Salgaa.

Tufanyeje sisi wa nyumbani?

Tumetaja matajiri na serikali, lakini gazeti hili husomwa majumbani, na nyumbani kuna la kufanya.

Kwanza, tubadilishe maneno yetu ya simu. "Umefika wapi?" ni swali la mzigo. "Umelala?" ni swali la mtu. Mume akisikia mkewe amwambia kwamba ni heri achelewe siku moja arudi mzima, hupata nguvu ya kumkatalia anayemkimbiza. Na tusimpigie akiwa anaendesha. Tukubaliane naye saa za kuzungumza.

Pili, dereva na aweke daftari lake dogo. Aandike saa aliyofika ghalani, saa aliyopakuliwa, saa alizolala. Siku ya mzozo na tajiri, au Mungu apishe mbali siku ya ajali, maandishi hayo yatamsemea. Mama anayejua kuandika vizuri aweza kumsaidia kuyapanga akirudi.

Tatu, wako miongoni mwetu wenye malori, na wako akina mama wafanyabiashara wanaongojea mizigo. Kwenu twasema kwa heshima: mkataba wa safari na utaje malipo ya kungoja, na muda wa safari uhesabiwe pamoja na usingizi. Mtume wetu, S.A.W., alitufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kuuchelewesha. Saa za kungoja ni sehemu ya jasho hilo.

Nne, misikiti iliyo kando ya barabara kuu ina nafasi ya thawabu. Maji ya kutawadha, uwanja wenye taa, na mlinzi anayemruhusu dereva kuegesha na kulala saa mbili, hiyo ni sadaka inayookoa nafsi usiku ule ule.

Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, ameapa kwa wakati katika Suratul-Asr, nasi twajua kwamba tutaulizwa juu ya umri wetu tuliutumia katika nini. Anayetumia umri wa mwenziwe ataulizwa pia. Kiwe ni kifaa cha kielektroniki au daftari la senti chache, kipimo ni amana, na amana haihifadhiwi na mashine peke yake.

Twamwomba Allah awalinde madereva wetu walioko njiani usiku huu, awape usingizi wenye raha na riziki yenye baraka, na awarudishe kwa jamaa zao wakiwa wazima. Amin.